Foronya Yenye Maneno ya Baba Yako

Basi ulipokaa chini pale kwenye mkutano wa shule, baada ya kusema yale maneno, mwanangu Wakesho, mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu. Wazazi wote waligeuka kunitazama, maana mwalimu aliyesema ni mtoto wangu, na mimi nikawa nahesabu matundu ya kamba kama mtu aliyetumwa. Hedimasta alikuwa ameuliza tu, huu mwandiko wa kuunganisha tuendelee kuufundisha ama tuuache, masomo yamekuwa mengi na saa za shule ni zile zile. Yule mzee wa mashine ya kusaga akasimama. "Mtoto asiyejua kuunganisha ataandika kama kuku aliyekanyaga majivu, na ukarani atausikia kwa redio!" Watu wakacheka. Ndipo ukasimama wewe. Ukasema herufi zikiachana kila mtu atazisoma, hata mtoto wa darasa la pili, na mtoto asifungiwe barua kwa sababu ya mapambo. Ukakaa. Ukaficha mikono chini ya daftari.

Watu walifikiri unasema habari ya shule. Mimi nilijua unasema habari ya baba yako.

Nilitakiwa nisimame. Hata kama sijui kusoma a, ningesimama niseme jambo moja tu, mbele ya wale watu wote. Sikusimama. Tukapanda njia kurudi nyumbani, wewe mbele mimi nyuma, na nilipofungua mdomo nikakuuliza kama mbuzi amepewa maji.

Sasa kesho asubuhi unashuka, unakwenda kufundisha Bomeni, na lile jambo bado liko kifuani. Nimejaribu kulisema tangu juzi. Juzi nilianza, nikaishia kukuambia habari ya blanketi. Kwa hivyo nimekuja hapa kwa Mzee Zakaria. Uliniona nikitoka na kapu la viazi vitamu ukacheka, "Mama, katekista viazi vyote hivyo atatafuna na meno gani?" Meno anayo manne, nimeyahesabu leo akinywa chai. Lakini mkono wake bado mzima, na miwani ameifunga na uzi. Nimemwambia aandike vile ninasema, asitengeneze. Anatengeneza, namuona. Mzee Zakaria, wacha kutengeneza. Anacheka. Haya, hata hiyo ameandika.

Habari ya kuchemsha maji na habari ya mbu sitakuambia, una akili yako. Na habari ya wanaume sitakuambia, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa na mmoja na uliona nilichomfanyia.

Nianze na yeye. Wewe unamkumbuka kidogo, ulikuwa mdogo alipokwenda. Unakumbuka sauti ya randa na harufu ya mbao, ulishaniambia. Alikuwa seremala, lakini kitu alichojivunia hakikuwa viti. Alijivunia mwandiko. Alisoma kwa mapadre mpaka darasa la nne, na huko walipigwa vidoleni mpaka mkono ukanyooka. Akiandika barua alikaa wima kama anapigwa picha. Alikuwa anatumia ile penseli bapa ya seremala, anaichonga kwa kisu, na akianza neno haiinui mpaka neno liishe. Mimi nilikuwa nakaa kando nikitazama. Nilikuwa namwambia, "Huu ni kama uzi unatoka kwa sindano." Akasema, "Na wewe ni mke wa seremala, si wa fundi nguo." Tulikuwa tunacheka sana, Wakesho. Watu wakisema habari za wafu wanasahau kicheko.

Kazi ikaisha huku milimani. Watu walikuwa wanajenga pwani, shule na nyumba za wageni, akashuka kufanya kazi huko. Mwaka mmoja akarudi akaniambia, "Panga vitu, twende wote. Nina chumba." Mimi nikakataa. Nikamwambia shamba hili la mama yangu nitamwachia nani, na migomba ndio inaanza kuzaa. Akasema, "Migomba haitembei, utaikuta." Nikasema, "Na wewe una miguu, basi urudi wewe." Tuligombana siku mbili. Siku ya tatu akaondoka bila kunywa uji. Uji ule nilimwagia kuku.

Ikaja barua ya kwanza tangu tugombane. Unajua wakati ule barua zilikuja na mfuko wa kanisa, na Jumapili ibada ikiisha zinaitwa majina pale barazani. Asiyejua kusoma anasomewa hapo hapo na katekista. Katekista alikuwa ni huyu Zakaria. Na Zakaria, Mungu amsamehe, kusoma alijua kwa sauti moja tu, ile anayosomea Neno mbele ya watu mia mbili. Akafungua barua yangu, akasafisha koo, akatangaza mpaka mama waliokuwa kwenye mteremko wakasikia: "Kama unapenda migomba kuliko mimi, basi olewa na migomba!"

Hapa ameweka kalamu chini. Ananiambia, "Mama Wakesho, hilo nami niliandike kwa mkono wangu?" Nimemwambia uliisoma kwa mdomo wako, iandike kwa mkono wako. Ameandika. Anafuta miwani.

Nilichekwa mwaka mzima. Nikifika kwenye mfereji kuteka maji, naambiwa, "Mpisheni Bibi Migomba!" Mwingine anauliza, "Mumeo amezaa mikungu mingapi?" Nikinyeshewa na mvua, "Usimwache bwana nje, mwenzetu, ataota kuvu." Mimi pia nilikuwa nacheka, ukilia ndio wanaongeza. Lakini nilifika nyumbani siku moja nikaapa, barua yangu haitasomwa tena na mdomo wa mtu baki. Itasomwa na mtoto niliyemzaa, ama haitasomwa.

Uliona? Hapo ndipo jambo lilipoharibika. Si kwako. Shika hilo.

Barua ya pili ilikuja tunapanda maharagwe. Zakaria aliita jina langu, akanyoosha mkono kuifungua, nikamnyang'anya. Nikasema nitasomewa nyumbani. Wale mama wakapiga miluzi, "Leo bwana ametoa kikonyo!" Nikaiweka kifuani nikapanda mlima. Wewe ulikuwa darasa la pili, umekaa kwenye kizingiti unakoboa mahindi. Nikakupa. Ukaigeuza juu, ukaigeuza chini. Ukaniambia, nakumbuka vile ulisema, "Mama, hii bado. Hii herufi zimeshikana mikono. Tutafundishwa darasa la tatu."

Nikasema, "Basi tutangoja."

Nilisema hivyo kama mtu anayesema tutangoja mvua iishe. Nikaifunga kwenye kitambaa, nikaiweka ndani ya lile debe la unga.

Kwa nini sikumpelekea Zakaria, kwa siri, mlango umefungwa? Alikuja mwenyewe mara mbili. Mara ya pili alisimama hapo uani akasema polepole, na sauti ya chini kwake ni kazi, "Mama Wakesho, nitasoma kwa kunong'ona." Nikamwambia, "Miwani yako iache kanisani." Alikwenda zake amebeba kofia mkononi. Nilikuwa najua ile barua inasema nini, nilivyodhani. Nilidhani ameoa huko pwani. Nilidhani ananiambia nirudi kwa mama yangu, na mama yangu alikuwa kaburini. Sasa barua kama haijasomwa, bado haijanifukuza. Ikiwa ndani ya debe, mimi bado nina mume. Nilikuwa naipapasa tu asubuhi nikichukua unga, kujua kama iko.

Na nilimkumbuka, mwanangu. Watu hawajui unaweza kumkasirikia mtu na kumkumbuka siku ile ile, saa ile ile.

Siku za Jumatano tulikuwa tunafundishwa kudarizi na yule sista wa misheni. Wenzangu walidarizi maua na njiwa. Mimi nilikata foronya ya amerikani, nikasema hii yangu nitaimaliza nyumbani. Nikatoa kioo cha ile picha ya ukutani, nikakisimamisha kwenye kidirisha cha jikoni jua likipiga, nikabandika barua, nikaweka kitambaa juu. Mwandiko wake ukapita mpaka upande wangu. Nilitafuta mstari mmoja mzuri. Niliuchagua ule wa karibu na mwisho kwa sababu ulikuwa na mikia mingi, inashuka na kupinda, kama maharagwe yakitafuta mti wa kushika. Nikafuatisha na penseli, nikadarizi na uzi wa bluu, ule mshono wa mnyororo. Unaujua mshono huo, kila pete inashika mwenzake. Na ule mwandiko ulikuwa unakubali sindano! Unaanza neno, unakwenda tu, hukati uzi mpaka neno liishe. Nilikuwa naona kama nimeshika mkono wake nauongoza. Nilikosea, nikafumua, nikarudia. Mpaka ulipoisha nilikuwa naweza kuuchora hata kwenye majivu, nimefumba macho.

Maneno yake sikuyajua. Nikatia mto ndani. Tukaulalia, mimi na wewe, kitanda kimoja, mto mmoja. Miezi.

Ile Jumamosi unaikumbuka kuliko mimi, najua. Nilianika matandiko juu ya ua. Ulitoka mferejini na kibuyu kichwani, ukasimama. Ulikuwa darasa la tatu wakati huo, mmeanza kuunganisha juma lile ama juma lililopita. Ukaweka kibuyu chini. Ukaweka kidole juu ya uzi wa bluu, ukakisukuma polepole, midomo inatembea. Mimi nilikuwa napepeta, nikasema, "Una mikono michafu, wacha foronya yangu." Ukasema, "Mama, hapa pameandikwa." Nikauliza, "Pameandikwa nini?"

Ukasema, "Njoo upesi nakungoja."

Halafu ukauliza, "Nani anatungoja?"

Ungo ulianguka, kuku wakala mahindi yote. Nilikimbia ndani nikatoa barua kwenye debe, nikakukalisha chini, ukaisoma. Ulikwama hapa, ukakwama pale, mimi nikawa nakutingisha bega kama vile maneno yatatoka haraka. Ilisema amelazwa, kifua kimekataa. Ilisema yale ya migomba alisema kwa hasira, niyafute. Akipona atarudi tulime pamoja hiyo migomba. Nipande treni Voi, mimi na mtoto, njoo upesi nakungoja.

Tulishuka alfajiri. Unakumbuka nilifunga kuku wawili wa kumpelekea supu. Kwenye treni yule mama wa Voi alitupa machungwa ukakataa kula, ukasema utampa Baba. Mombasa tukapanda basi, tukavuka maji, tukafika ile hospitali mchana, kuku mmoja amekufa kwa joto. Muuguzi akafungua daftari kubwa. Akapitisha kidole. Akapitisha tena. Akaniuliza, "Nyinyi mlipata barua lini?"

Nikasema, "Jana."

Ulinitazama. Ulifungua mdomo, nikakufinya mgongoni. Hilo ndilo jambo la kwanza la kukuomba msamaha, na bado si kubwa.

Ilikuwa miezi kumi imepita tangu aandike. Yule muuguzi alikuwa mwema, kama angekuwa mkali ingekuwa rahisi. Alisema huyo seremala walimpenda, alikuwa anawaandikia wagonjwa wengine barua. Alisema aliomba kitanda cha karibu na mlango. Gari likisimama nje anajiinua kwa kiwiko. Waliandika kwetu alipokufa, alisema, na ile barua labda ilipotea, mimi sijui, sikuiona. Wenzake wa kazi walikuwa wamehamia kwingine. Wakamzika wao wa hospitali.

Akatuonyesha. Mikorosho, na mchanga. Sisi watu wa milimani tunalala kwenye udongo unaoshika. Ule mchanga niliuchota mkononi ukatoka wote, nikachota tena ukatoka. Hapo ndipo nikakugeukia wewe. Umesimama na machungwa mawili. Nikakuambia, "Ungejifunza upesi, baba yako ungemkuta hai."

Mzee Zakaria ananiuliza kama niliyasema kweli. Niliyasema. Mtoto wa miaka tisa.

Wewe hukulia. Ulisema polepole, "Mwalimu hakuwa amefika huko, Mama." Ukaweka machungwa juu ya mchanga.

Tulirudi nyumbani na hatukuyazungumza. Lakini mimi nina macho. Ulipoingia darasa la nne ukaanza kuandika herufi moja moja, zimeachana, kama watu waliogombana. Mwalimu wako akakuchapa. Ukarudi na vidole vimevimba, nikavikanda na maji ya chumvi, nikakuuliza, "Kwa nini huandiki vile wanataka?" Ukasema, "Ili asomaye asingoje." Nikaendelea kukanda. Hapo pia nilikuwa na nafasi. Kila mwaka nilikuwa na nafasi. Ulipofaulu mtihani, ulipokwenda chuo cha ualimu, uliporudi na sketi ya marinda na chaki kwenye mkoba. Barua zako zote kutoka chuo ziliachana herufi. Nilikuwa nazitazama nasema moyoni, huyu mtoto bado anakimbia kwenda hospitali.

Sasa sikiliza. Hili ndilo lililonileta hapa na viazi.

Baba yako barua zake zote nilizitunza. Tangu ananichumbia. Kusoma sikujua, lakini nilikuwa nazitandika kitandani nazitazama, kama mtu anavyotazama uso. Mistari yake ilikuwa imenyooka kama ubao uliopigwa randa. Hata ile ya migomba, na hasira zake zote, imenyooka. Ile ya pili, siku ile niliyopanda nayo mlima, kabla sijakupa wewe niliifungua njiani, peke yangu, pale kwenye jiwe. Mistari ilikuwa inaanguka. Inaanza vizuri, ikifika mwisho inashuka, inashuka, kama mtu anayekaa chini bila kupenda. Na yeye ambaye hakuinua penseli katikati ya neno, aliinua. Kulikuwa na nukta, pale mkono ulipopumzika. Mahali pengine penseli ilizama, mahali pengine haikugusa karatasi.

Nilijua. Wakesho, nilijua pale kwenye jiwe. Nilijua huyu mtu ni mgonjwa. Halafu nikajiambia, aa, aliandika juu ya goti. Nikajiambia, aliandika garini. Nikakunja. Nilitaka awe na kosa, awe ameoa, ili mimi nisiwe na kosa la kukataa kwenda. Kwa miezi yote hiyo nilikuwa najiambia goti, goti. Na kwenye foronya, unajua nilifanya nini? Mstari ulikuwa umeinama, mimi nikaunyoosha. Nilihamisha kitambaa kwenye kioo mpaka ukakaa sawa. Nilimponya kwa sindano.

Kwa hivyo si wewe uliyechelewa kusoma. Mimi niliisoma siku ile ile. Sikuhitaji darasa la tatu. Wewe ulisoma maneno siku uliyofundishwa, hukuchelewa hata siku moja, hata saa. Ulikuwa na kibuyu kichwani ukasimama ukasoma.

Na lile neno la pale mchangani nimelitaka lirudi mdomoni miaka yote hii. Halirudi. Nalichukua mimi. Lisibaki kwako hata kidogo, usiende nalo Bomeni.

Zakaria ameinuka. Anasema moshi wa jiko. Jiko limezimika tangu chai.

Amerudi. Anasema nikuambie naye anaomba msamaha kwa ile sauti yake. Nimemwambia atakuandikia ya kwake, hii ni yangu.

Habari ya shule sasa. Mimi ni nani wa kusema? Lakini ulisema mbele ya watu na mimi sikukujibu, kwa hivyo nakujibu. Kama walimu mtaona mwandiko wa kuunganisha uachwe, uachwe, lakini usiuache kwa ajili yangu. Usiupige huo kwa kosa nililofanya mimi. Nimefikiria hivi nikipalilia. Watoto wako wa Bomeni watakuwa na babu zao, na hao babu waliandika, na waliandika kwa kushikanisha. Kuna barua ndani ya madebe ya watu. Mtoto asipofundishwa, siku moja mama yake atampa karatasi, ataigeuza juu na chini, atasema, "Hii bado." Na darasa la tatu halitakuja. Atabaki vile ulivyokuwa wewe kwenye kizingiti mpaka awe mzee. Huyo ndiye mtoto namuogopea. Kama ni kuandika, waache waandike wapendavyo, waachanishe. Lakini kusoma, wafundishe wausome. Na ukiweza, wafundishe mapema. Darasa la pili.

Nimesema kwa sauti kama ya Zakaria. Samahani.

Na kuna jambo lingine sijui kulisema vizuri. Herufi zako za kuachana ni safi, kila mtu anazisoma, ndiyo. Lakini mimi nisiyejua kusoma sikuoni ndani yake. Sijui siku gani ulikuwa umechoka. Sijui kama uliandika huku ukilia. Mwandiko wa baba yako uliniambia, ni mimi tu nilikataa kusikia. Ukiwa huko Bomeni ukiniandikia, niandikie hivyo mara moja moja, kwa mkono usioinuka. Zakaria atanisomea maneno, amejifunza kunong'ona, meno yamemsaidia. Mimi nitatazama mistari.

Foronya iko chini kabisa ya sanduku lako, chini ya taulo, na barua hii nitaitia ndani yake leo. Usishangae mwisho wa ule mstari. Tuliporudi kutoka pwani nilitaka kuifumua. Mshono wa mnyororo ukivuta mwisho unatoka wote, unajua. Nikavuta. Ule mkia wa mwisho ukatoka, ukafuata mwingine, uzi unakimbia kama umefurahi kwenda. Nikaukanyaga na kidole gumba. Nikapiga fundo. Ndiyo maana neno la mwisho halikuisha. Nimeilalia hivyo miaka yote. Sasa ilalie wewe ama ufungie mkate, ni yako.

Nilitaka kukuambia pia habari ya shamba, kwamba migomba ile

Ni wewe huyo. Unaniita kutoka juu. "Mama! Njoo ukalie sanduku, limekataa kufunga!" Zakaria anasema hajasikia, ni masikio yake. Mimi nimesikia. Sauti yako inafika hapa vizuri, hujui vile inafika. Na hilo sanduku ukilifunga sasa nitalifungua kwa ujanja gani.

Nakuja! Nakuja, mwanangu!

Zakaria, hiyo ya migomba iache. Nipe kalamu. Nipe, najua, kuna kitu kimoja najua kuandika. Sogeza mkono. Hii hapa chini ni mimi, Wakesho, hii si Zakaria.

Njoo upesi nakungoja